Maiki ya Ngoma: Tazama Kibanio Kwanza

Katika harusi moja mwezi uliopita, chakacha ikiwa ndiyo kwanza imekolea, tulisikia kishindo kwenye spika, kisha mluzi wa kutoboa masikio. Mimi nilikuwa nje ya pazia na fundi wa sauti, maana ndani ni kwa wanawake. Maiki ya chapuo ilikuwa imeanguka ikakanyagwa. Yenyewe ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni kibanio chake, kijiplastiki cha ukubwa wa kidole gumba, na usiku ule maiki haikufaa tena kitu.

Ndiyo maana vijana wa vikundi wakiniuliza wanunue maiki gani, nawaambia watazame kibanio kabla ya kuuliza habari ya sauti. Ukumbi mdogo unataka maiki ya kubana, kwa sababu stendi hula nafasi na mabuibui hunasa humo. Lakini vibanio vingi vimetengenezwa viume ukingo wa chuma. Tumba na bongo za dukani zina ukingo huo. Msondo wetu uliowambwa kwa vigingi hauna, na kibanio kitateleza tu. Hapo funga maiki kwa mkanda wa mpira kiunoni mwa ngoma, au tafuta stendi fupi. Na ngoma ikipelekwa motoni kukazwa ngozi, vua maiki kwanza. Nimeona moja ikiyeyuka, wallahi.

Pili, chagua dainamiki. Kondensa husikia vizuri sana, lakini huhitaji umeme kutoka kwenye mikisa, kwa kawaida volti 48, na unyevu wa pwani hauipendi. Dainamiki haihitaji umeme huo na huvumilia kishindo. Mfano ni Sennheiser e604: gramu 60 tu, kwa hiyo haikielemei kibanio, na kibanio chake huuzwa peke yake kikivunjika. Hili la mwisho muulize muuzaji wa maiki yoyote ile. Akikwambia hakipatikani, rudisha pesa mfukoni. Zile seti za maiki saba za bei ya kutupa naziogopa. Afadhali mbili imara. Vumi lenyewe katika ukumbi wa watu mia husikika bila maiki.

Kufunga nako kuna adabu yake. Acha vidole viwili au vitatu kati ya maiki na ngozi, pembeni ambapo mkono wa mpigaji haufiki. Waya usiuache ukining'inia: fanya kitanzi, ukifunge kwenye ngoma, ili mtu akiukwaa avute kitanzi badala ya kibanio.

Chumvi ya hewa yetu hula springi na pini za plagi. Baada ya shughuli pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha weka maiki kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mke wangu alikuwa akivitupa, sasa ananiwekea.