Je, Wajua? Kululu, Kauri wa Madoadoa

Je, wajua kwamba ukimkuta kululu akitembea usiku huenda usimtambue? Ganda lake lenye madoa meusi na ya kahawia limefunikwa. Nyama laini hutoka kwenye mwanya wa chini, ikapanda kushoto na kulia hadi kukutana mgongoni, nayo imejaa vijinyama vyembamba vilivyosimama, ncha nyeupe. Mguse kidogo tu. Nyama inarudi ndani taratibu, doa moja linafunuka baada ya jingine, na ganda linabaki linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta sasa hivi.

Mng'ao huo ni kazi ya nyama hiyohiyo. Ndiyo inayojenga ganda, ikalitia rangi na kulikinga lisiote mwani.

Wajua kwamba kululu mtoto hafanani na wakubwa? Ganda lake ni jembamba, mdomo wazi. Akipevuka, ukingo wa mdomo hujikunja ndani na kuota meno. Tangu hapo harefuki tena. Ganda huzidi unene tu.

Anaishi wapi? Kwenye matumbawe, kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Hawaii, tangu maji ya kupwa mpaka kina cha mita 40 hivi. Mchana hujibanza chini ya mawe na matumbawe. Usiku hutoka kula. Wakubwa wanapenda sana sifongo. Wengi hawazidi sentimita 10, lakini wa Hawaii hukaribia 15.

Hana mlango. Konokono wengi wa bahari wana kifuniko cha kujifungia ndani. Yeye hutegemea wembamba wa mwanya wake.

Wajua kwamba jamaa yake mdogo wa Zanzibar alishusha thamani ya fedha upande wa pili wa Afrika? Ni kete mwenye pete ya manjano mgongoni, anayeokotwa maji yakitoka. Afrika Magharibi ilitumia kauri kama sarafu, nyingi zikitoka Maldivi. Mwaka 1845 mfanyabiashara Hertz wa Hamburg alianza kupeleka shehena za kete wa Zanzibar huko, kununulia mafuta ya mawese. Wengine wakamfuata. Kete walifurika masokoni, na aliyekuwa ameweka akiba yake kwa kauri akaona inayeyuka.

Wajua kwamba ganda linalometameta kwenye kibanda cha kuuzia makombe kwa kawaida lilivuliwa likiwa na mwenyewe ndani? Lililosukwasukwa na mawimbi mchangani hufifia. Tena kululu jike hukalia mayai yake mpaka yaanguliwe, habanduki, kwa hiyo kumchukua ni rahisi mno. Mayai hubaki wazi kwa samaki.

Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuondoka na ganda lolote, hata tupu.