Kulitia Jua Chunguni: Safari Ndefu ya Moto wa Nyuklia

Jua ni tanuri lisilotiwa kuni wala makaa, na tangu kuumbwa kwake halijazimika. Siri ya moto wake ni kwamba viini vya atomi za haidrojeni huungana na kuwa viini vya heliamu, na katika kuungana huko hutoka nishati kubwa ajabu. Kwa miaka zaidi ya 70 wataalamu wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakijaribu kuuwasha moto wa namna hiyo hapa duniani ili uzalishe umeme. Leo twapenda kumweleza msomaji wetu, awe kambini, kituoni au nyumbani pamoja na jamaa zake, kazi hiyo imefika wapi, na kwa nini mpaka sasa haijawasha taa hata moja ya mjini.

MOTO WA BOMU NA MOTO WA KINU

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Vinu vya nyuklia vinavyotoa umeme siku hizi hupasua viini vizito, hasa vya urani. Kinu tunachokizungumzia hufanya kinyume chake: huunganisha viini vyepesi. Nguvu ya muungano huo ilionekana wazi tarehe 1 Novemba 1952, Marekani ilipolipua bomu la haidrojeni huko Enewetak, katika Bahari ya Pasifiki. Lakini bomu huachilia nishati yake yote mara moja na kuangamiza, ilhali kinu chatakiwa kuitoa kidogo kidogo, kama mpishi aupimiavyo moto chungu chake. Tena kinu hiki hakiwezi kulipuka kama bomu, kwa kuwa wakati wowote ndani yake mna gramu chache tu za fueli, na hitilafu ikitokea moto hupoa na kuzimika wenyewe.

CHUNGU CHA SUMAKU

Fueli ifaayo zaidi ni haidrojeni nzito za aina mbili, deuteriamu na tritiamu. Ili viini vyake viungane hapana budi vipashwe moto hadi kufikia digrii milioni 150 hivi, yaani mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Hakuna chuma wala jiwe liwezalo kuupakata moto huo. Hata hivyo, gesi iliyofikia joto hilo, ambayo huitwa plazma, husikia amri ya sumaku. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1950 wataalamu wa Urusi ya Kisovyeti walibuni chombo chenye umbo la pete, kilichozungukwa na sumaku, wakakiita tokamaki. Walipotangaza matokeo yao mwaka 1968 wengi waliyatilia shaka. Lakini mwaka 1969 wataalamu wa Uingereza walikwenda Moscow na vyombo vyao wenyewe, wakapima, wakakuta ni kweli.

HESABU ISIYODANGANYA

Mtambo wa JET, uliojengwa Culham nchini Uingereza na kuanza kazi mwaka 1983, ulifunga kazi Desemba 2023 baada ya kuweka rekodi ya megajuli 69 za nishati, kutokana na miligramu 0.2 tu za fueli. Mama wa nyumbani ataelewa tukisema kwamba joto hilo, lau lingeingia lote majini, lingetosha kuchemsha pipa la lita 200. Ni ajabu, bila shaka. Lakini joto lililotiwa ili kuiwasha plazma lilizidi lile lililopatikana.

Vivyo hivyo, tarehe 5 Desemba 2022, mtambo wa NIF wa Marekani, utumiao miali ya leza badala ya sumaku, ulipata megajuli 3.15 kwa miali ya megajuli 2.05. Habari hiyo ilienea ulimwenguni kote, nayo ilistahili. Ila leza zenyewe zilikuwa zimekula megajuli 300 hivi za umeme. Mwenye duka hawezi kuitwa tajiri kwa kuhesabu mauzo peke yake akasahau gharama. Na msomaji asikiapo kwamba kinu fulani kimetoa nishati kuliko kilivyopewa, na aulize: hesabu imeanzia wapi?

KAZI YA MAFUNDI

Mtambo mkubwa kuliko yote, ITER, unajengwa Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa, kwa mkataba uliotiwa saini Novemba 2006 na Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea ya Kusini, Marekani na Urusi. Lengo lake ni kutoa megawati 500 za joto kwa kuipasha plazma kwa megawati 50. Hautazalisha umeme, kazi yake ni kuonyesha njia.

Humo moto wa digrii milioni 150 utakaa mita chache tu kutoka kwenye sumaku zilizopozwa hadi digrii 269 chini ya sifuri. Chombo cha ndani kina vipande tisa, kila kimoja tani 440, vilivyogawanywa baina ya viwanda vya Ulaya na Korea. Mwaka 2022 ilionekana kwamba kingo za baadhi ya vipande hazikulingana vizuri kwa kuchomelewa, na mabomba ya kupozea ngao ya joto yalikuwa yameanza kupata nyufa. Ikabidi kufumua na kutengeneza upya. Kwa ratiba iliyotangazwa mwaka 2024, majaribio yataanza mwaka 2034, na yale ya deuteriamu na tritiamu mwaka 2039.

Yako mambo mengine mawili magumu. Sehemu nne kati ya tano za nishati huchukuliwa na chembe ziitwazo nyutroni, ambazo hazizuiwi na sumaku. Hizo hupiga kuta na kuzidhoofisha, hata zikahitaji kubadilishwa kwa mitambo inayoongozwa kutoka mbali, kwani kuta hizo huwa na mnururisho. La pili ni tritiamu. Deuteriamu hupatikana katika maji ya bahari, lakini akiba ya tritiamu ulimwenguni ni ndogo sana, na nusu yake hupotea kila miaka 12 hivi. Kinu cha megawati 1,000 za joto kingehitaji kilo 55 kwa mwaka. Hivyo hakina budi kujitengenezea tritiamu chenyewe, kwa nyutroni kupiga madini ya lithiamu katika kuta zake. Jambo hilo bado halijathibitishwa kwa kiasi kinachotakiwa.

TUTARAJIE NINI?

Matumaini yapo. Februari 2025, mtambo wa WEST huko Ufaransa uliishika plazma kwa dakika 22, ambapo wa JET ulikuwa ukiishika kwa sekunde. Sumaku mpya zenye nguvu zaidi zimeyapa makampuni binafsi moyo wa kujenga vinu vidogo. Lakini wahenga walionya: usikate kanzu na mwana hajazaliwa. Nchi isiyo na umeme wa kutosha isiache kujenga mabwawa na mitambo ya jua kwa kungoja moto huu. Walakini tusiwacheke wanaoutafuta, kwa maana kila ufa wanaouziba leo utawapunguzia kazi watoto wetu.