Vitenzi vya Uwezo na Wajibu katika Vishazi vya "That", na Tafsiri Zake Mpakani Tunduma

Mji wa Tunduma umo katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, zote mbili hupita hapo kabla ya kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Na tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi hizo mbili hufanya kazi pamoja katika kituo kimoja cha mpakani. Ng'ambo ya mpaka lugha ya serikali ni Kiingereza. Upande wa huku, agizo lililoandikwa kwa Kiingereza halina budi kugeuzwa kwa Kiswahili kabla halijamfaa mwenye lori au mwenye gunia la mahindi. Majina ya bidhaa na hesabu za ushuru hazimsumbui sana mfasiri. Yanayomsumbua ni maneno madogo, yaani *may*, *must*, *shall*, *should* na *would*, hasa yakiwa ndani ya kishazi kinachoanzwa na *that*. Dereva aliyeambiwa "si lazima" na dereva aliyeambiwa "ni marufuku" hawana safari moja.

Sentensi zitakazotumiwa hapa zimetungwa kwa ajili ya maelezo tu, ingawa mambo yake ni ya kila siku forodhani.

Yafaa kwanza kutambua kwamba *that* ya Kiingereza hubeba kazi mbili zilizo mbali. Katika sentensi *The officer insisted that the driver had paid*, kishazi ni habari: ofisa anashikilia kuwa jambo fulani ni kweli. Katika *The officer insisted that the driver should pay*, kishazi si habari hata kidogo, bali ni takwa. Waingereza kwa desturi huonyesha takwa hilo kwa *should*. Wamarekani hupenda kukiacha kitenzi kitupu, *that the driver pay*, na namna hiyo imerudi pia katika maandishi ya Uingereza katika karne ya 20. Kiswahili hutenga mambo hayo mawili kwa irabu moja ya mwisho. "Ofisa alisisitiza kwamba dereva amelipa" ni habari. "Ofisa alisisitiza kwamba dereva alipe" ni takwa. Neno "kwamba" ni lile lile, na kitenzi kikuu ni kile kile. Irabu -e peke yake ndiyo inayoamua.

Hapo ndipo lilipo kosa lililo kubwa kuliko yote. Mfasiri aonapo *should* huandika "anapaswa" pasipo kutazama kitenzi kinachokitawala kishazi. Chukua sentensi hii: *The committee recommended that drivers should be allowed to sleep in the yard.* Tafsiri ya haraka ni "Kamati ilipendekeza kwamba madereva wanapaswa kuruhusiwa kulala yadini." Kisarufi sentensi hiyo haina ila inayoonekana, walakini maana yake imegeuka. Kitenzi "kupasa" hutangaza wajibu uliopo tayari, na pendekezo ni la jambo ambalo bado halijawako. Dereva aisomaye tafsiri hiyo ana haki ya kugonga mlango wa yadi usiku huo huo na kudai nafasi yake, hali kamati haikumpa chochote ila matumaini. Ilikuwa itoshe kuandika, "Kamati ilipendekeza madereva waruhusiwe kulala yadini." Hakuna neno lolote lililosimama mahali pa *should*, wala halihitajiki, kwa kuwa -e imekwisha kuifanya kazi yake.

Kinyume chake, baada ya kitenzi cha kusema au kueleza, "kupasa" hukaa mahali pake barabara. *The officer explained that drivers should carry their permits* hutafsirika vyema "Ofisa alieleza kwamba madereva yawapasa kuchukua vibali vyao," maana ofisa hapo anaeleza wajibu uliokuwapo kabla hajafungua kinywa. Basi swali la mfasiri si "*should* ni nini kwa Kiswahili?" bali "kitenzi kikuu chaleta habari au chataka jambo litendeke?" Kutaka, kuagiza, kuamuru, kuomba, kushauri na kupendekeza huita -e, kadhalika maneno kama "yafaa", "afadhali", "heri" na "sharti". Kusisitiza, kama tulivyoona, huenda pande zote mbili, na hata "kusema" chenyewe: "kasema analipa" si "kasema alipe".

Iko *should* nyingine isiyokuwa ya wajibu wala ya takwa, nayo ni ile ifuatayo maneno ya mshangao au masikitiko: *It is strange that he should refuse.* Hapo hapana mtu aliyewajibika kukataa. Kiswahili husema tu "Ni ajabu kwamba amekataa", au "Ni ajabu kukataa kwake".

*Shall* ni neno la sheria zaidi kuliko la mazungumzo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, katika kifungu cha 53 yaeleza kwamba *may* inapotoa mamlaka humwachia mwenye mamlaka hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na *shall* humlazimisha. Mwaka 2021 sheria hiyo ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na tangu hapo tofauti ya maneno hayo mawili imekuwa mzigo wa Kiswahili. Waandishi wa sheria wamezoea -ta- mahali pa *shall*, na ndani ya kifungu cha sheria -ta- huweza kubeba amri. Lakini itiwe ndani ya kishazi cha "kwamba", nguvu hiyo hupungua. "Barua yasema kwamba ofisa atakagua mzigo" yaweza kuwa amri, ahadi, au utabiri. Afadhali hapo "hana budi kukagua" au "ni lazima akague", ingawa sentensi itarefuka kidogo.

Mambo huwa magumu zaidi ukanushi unapoingia. *The notice says that maize may not be taken across.* Tangazo ni la mwenye mamlaka, kwa hiyo *may not* ni katazo: "Tangazo lasema kwamba mahindi yasivushwe." Badili mwanzo wa sentensi, useme *The trader thinks that maize may not be taken across*, na maneno yale yale sasa yaweza kuwa mashaka: "Mfanyabiashara afikiri kwamba huenda mahindi yasivushwe." Na kama mfanyabiashara anaogopa, Kiswahili kina namna yake nzuri zaidi, isiyohitaji "kwamba" wala "huenda": "aogopa mahindi yasije yakazuiwa". Tafsiri ya kuepukwa katika yote hayo ni "hayawezi kuvushwa", ambayo humfanya msikilizaji aulize kama barabara imekatika.

*Must not* nayo si "si lazima". *That passengers must not get down* ni "kwamba abiria wasishuke". "Si lazima washuke" ni *need not*, na abiria atachagua mwenyewe. Katika Kiingereza *not* yaandikwa baada ya *must*, lakini kinachokanushwa ni kushuka, wala si ulazima. Neno "budi" lina tabia yake pekee. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni njia ya kuepuka. Kwa hiyo "hana budi" ni kanusho tangu mwanzo, na anayetaka kukataza hana njia ila kupeleka ukanushi kwenye kitenzi cha pili: "hawana budi kutoshuka". Ni Kiswahili sahihi, ijapokuwa ulimi hausemi kwa wepesi.

Yabaki *would*. Kitenzi kikuu cha Kiingereza kikiwa cha wakati uliopita, kishazi nacho hurudishwa nyuma: *will* huwa *would*, *can* huwa *could*, *may* huwa *might*. Kiswahili hakina desturi hiyo. *The officer said that the lorry would be released* ni "Ofisa alisema kwamba lori litaachiliwa", kwa kuwa -ta- huhesabiwa tangu wakati wa msemaji wa kwanza, si wakati wa mwenye kusimulia. Atakayeandika "lori lingeachiliwa" amemwacha msomaji akisubiri: lingeachiliwa kama nini? Matumizi hayo ya -nge- yameenea sana katika magazeti, na wako wasemao kwamba kilichoenea kimekwisha kuwa Kiswahili. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini forodhani "lingeachiliwa" husikika kama habari ya lori lililozuiwa.

Ugumu hasa waonekana penye sharti. *He said that the lorry would be released if the duty were paid* yaweza kuficha kauli mbili. Huenda ofisa alitamka *will* na *is*, na msimulizi akazirudisha nyuma. Hapo tafsiri ni "litaachiliwa ushuru ukilipwa", na mwenye lori akatafute fedha. Au huenda alitamka *would* na *were* yeye mwenyewe, bila kutazamia malipo. Hapo ni "lingeachiliwa kama ushuru ungelipwa". Kiingereza hakimlazimishi msimulizi kuonyesha tofauti hiyo, lakini Kiswahili humtaka mfasiri achague, na ikiwezekana amwulize aliyekuwapo.

Ni vyema kukumbuka kwamba makosa haya ni ya mezani zaidi kuliko ya mdomoni. Kinyamwanga, ambacho husemwa pande zote mbili za mpaka, Kinyiha cha Mbozi na Kindali cha Ileje ni lugha za Kibantu za ukanda wa M katika mpango wa Guthrie, nazo zina umbo la -e la kutaka, umbo ambalo Meeussen mwaka 1967 alilihesabu kuwa la tangu Kibantu cha kale. Hata kiungo chenyewe kina ujamaa. "Kwamba" ni kitenzi cha kale -amba, yaani kusema, na *ukuti* ya Kibemba yatokana na -ti, ambacho nacho ni kitenzi cha kusema. Mtu wa Songwe aletaye ujumbe kutoka dirishani pa forodha husema tu, "Kasema ulipe", wala hakosei. "Kwamba" hakuihitaji, na *should* hakuitafuta. Na kama haamini aliyoambiwa, hutia neno moja ambalo Kiingereza hakina la kulilingana nalo, akasema, "Kasema eti ulipe."