Hesabu ya Watu na Tarakimu Zake

Buzwagi, mahali palipochimbwa dhahabu karibu na mji wa Kahama, pamo katika mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ni jirani yake. Watu walipohesabiwa mwaka 2022, wa Shinyanga walikuwa 2,241,299, na wa Geita 2,977,608. Je, namba ipi hugawanyika kwa 3 pasipo baki?

Si lazima kuigawanya. Zijumlishwe tarakimu zake tu. Jumla ya Geita ni 39, nayo hugawanyika kwa 3. Basi namba yote hugawanyika. Jumla ya Shinyanga ni 29, nayo huacha 2; basi namba yote huacha 2.

Sababu yake ni hii. Watoto watatu wakigawana mahindi 10 sawasawa, kila mmoja hupata matatu, na hindi moja husalia. Vivyo hivyo 100 ni 99 na 1, na 1,000 ni 999 na 1. Kwa hiyo 200 huacha 2, na 2,000 huacha 2. Kujumlisha tarakimu, basi, ni kukusanya mabaki yote pamoja.

Njia hii humsaidia karani anakilipo namba. Akiandika 2,977,607, jumla huwa 38, na kosa hufichuka. Lakini akiandika 2,977,680, jumla hubaki 39, hali ameongeza watu 72 wasiokuwako. Jumla ya tarakimu ni shahidi mwema, lakini haoni yote. Karani mwaminifu hurudi kulitazama daftari.