Vipimo viwili vya moyo, namba mbili tofauti: Mzazi aamini kipi?

Mama mmoja kutoka Makunduchi aliniwekea karatasi mbili mezani, zote za binti yake wa miaka 13. Mtoto huyo aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maumivu ya koo, ikamwachia valvu ya mitrali inayovuja. Karatasi ya eko ilisema EF 64. Ya MRI, iliyofanywa wiki tatu baadaye, ilisema 57.

“Dokta, ndani ya wiki tatu tu moyo wa mwanangu umeshuka hivi?”

Nilimwambia asubiri kwanza. Kilichobadilika hapo ni mashine.

EF ni asilimia ya damu inayotolewa na chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kila unapopiga. Hakuna moyo unaotoa damu yote. Kwa watu wengi wenye afya huwa baina ya 55 na 70.

Eko hutumia mawimbi ya sauti. Haina mionzi, haiumizi, na humwonesha daktari valvu ikifunguka na kufunga, pamoja na damu inayorudi nyuma. Ndiyo maana huwa kipimo cha kwanza. Lakini eko ya kawaida hupiga picha bapa, kisha ujazo wa chumba hukadiriwa. Mbavu na mapafu huweza kuficha kingo za moyo, na wapimaji wawili siku moja wanaweza kutofautiana kwa pointi tano au zaidi.

MRI hutumia sumaku. Huukata moyo kwa picha, slesi baada ya slesi kama boflo, kisha ujazo wa kila slesi hujumlishwa. Kwa kupima ujazo, ndiyo inayoaminiwa zaidi. Ila ni ghali, huchukua muda mrefu, humtaka mgonjwa abane pumzi, na mtoto mdogo huenda akahitaji dawa ya usingizi.

CT-Scan ni ya haraka na hufaa sana kuangalia mishipa ya moyo au chokaa kwenye valvu za wazee. Lakini ina mionzi, na dawa inayodungwa kabla ya picha huhitaji tahadhari kwa wenye maradhi ya figo. Kwa mtoto, si kipimo cha kukimbilia ili kujua EF.

Sasa lipo jambo linalowaponza wazazi wengi. Valvu ya mitrali inapovuja sana, EF nzuri hudanganya. Sehemu ya damu inayohesabiwa kuwa imetoka, kwa kweli imerudi nyuma. Ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka: umevuta ndoo nyingi, lakini mtungi haujai. Kwa hiyo kwa mtu mzima mwenye uvujaji mkubwa, EF ya eko ikifika 60 tu, au chumba hicho kikibaki na upana wa milimita 40 baada ya kujikamua, tunaanza kuzungumzia upasuaji. Kwa mtoto tunazingatia pia ukubwa wa mwili wake.

Nikamuuliza mama kama ana karatasi ya zamani. Akatoa moja kwenye pochi, imekunjwa mara nne. “Hii ya mwaka jana, nilidhani haina kazi tena.”

Ilikuwa eko, EF 71, na chumba cha kushoto kilikuwa kidogo kuliko sasa, hata ukizingatia kwamba mtoto amekua. Moyo haukushuka kwa wiki tatu. Ulikuwa ukichoka kidogo kidogo mwaka mzima, na aliyetueleza hayo ni karatasi kuukuu. Tukampa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, waangalie wakati wa upasuaji.

Mzazi, tunza kila karatasi. Linganisha eko na eko, MRI na MRI, na ikiwezekana pimia pahala pamoja. Usiulize EF peke yake. Uliza pia kama chumba cha moyo kimetanuka. Mwambie daktari iwapo mtoto anahema akitembea kwenda skuli au hawezi kulala bila ya kuinuliwa mito. Na kama ameandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, isikatishwe kwa sababu namba imependeza.