Kuruti Simu ya Zamani: Faida Yake na Hatari Yake



Tangu mshahara uanze kulipwa kwa simu, maneno mapya yameingia kambini. Moja ni hili la "kuruti". Wazee waliopata kutumikia jeshini wakilisikia hudhani ni habari ya askari mpya, lakini siyo. Siku ya malipo mafundi wa simu hupanga meza zao nje ya geti na kumwambia kila apitaye: "Leta simu yako niiruti, itakuwa nyepesi kama mpya." Watu hulipa shilingi 10,000, wengine zaidi, wakaenda zao bila kuelezwa simu imefanywa nini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Basi leo nitaeleza kuruti ni kitu gani, maana jambo hili linagusa mshahara wetu, na linagusa Chama pia, kama mtakavyoona mbele.

Simu ninazozizungumzia ni hizi za Android za bei nafuu, zilizouzwa kati ya mwaka 2014 na 2019 hivi, ambazo wengi wetu tumezinunua zikiwa zimekwisha tumika. Nyingi zina nafasi ya GB 8 tu ya kuhifadhia vitu, na karibu nusu ya nafasi hiyo, au zaidi, imekwisha kaliwa na mfumo wenyewe na programu ulizozikuta ndani. Ukipiga picha chache simu husema imejaa. Ukitaka kufuta programu usiyoitumia, inakataa. Ndipo mtu huuliza: simu ni yangu, nimelipa fedha yangu, kwa nini nikatazwe?

Jibu lake tunalijua vizuri sisi tunaokaa katika nyumba za kampuni. Unalala humo, unapika humo, watoto wanazaliwa humo, lakini huwezi kubomoa ukuta wala kubadili kitasa bila ruhusa ya ofisi. Simu ya Android ni nyumba ya namna hiyo. Wewe ni mpangaji, na ufunguo mkuu uko kwa aliyeitengeneza.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1969 mafundi wa maabara za Bell huko Marekani walianza kutunga mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, kwa hiyo kila mtu alipewa namba yake, kama sisi tulivyo na namba za kazi. Mtu wa namba fulani hakuweza kufungua mafaili ya mwenzake. Lakini namba 0 iliwekwa kwa msimamizi, akaitwa "root", yaani mzizi, naye hakuna mlango unaomzuia. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland alianza kutunga Linux kwa kufuata desturi hizo, na Android imejengwa juu ya Linux. Katika Android kila programu ina namba yake. Programu ya muziki haiwezi kufungua mtoto wa meza wa programu ya pesa. Namba 0 ipo, ila mwenye simu hapewi. Kuruti ni kuipata hiyo namba 0.

Mlango huo umefungwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ina manufaa kwetu: mwizi akiingia simuni kwa hila, akute ndani milango mingine imefungwa. Ya pili ina manufaa kwa wauzaji, kwa kuwa zipo programu ambazo wenyewe wamelipa ziwekwe ndani ya simu, nao hawataki uzifute. Msomaji atajua mwenyewe ni sababu gani inayotangazwa na ni ipi isiyotajwa.

Njia za kuipata namba 0 ni mbili, nazo si sawa hata kidogo.

Njia ya kwanza ni kupita tunduni. Watunga programu hukosea kama binadamu wengine, na kosa huacha tundu. Mwezi Juni 2014 Mmarekani George Hotz alitoa programu iitwayo Towelroot. Ukibonyeza mara moja, simu nyingi za wakati ule zilifunguka. Mwezi Oktoba 2016 likatangazwa tundu jingine liitwalo Dirty COW, ambalo lilikuwamo ndani ya Linux tangu mwaka 2007 bila kuzibwa. Mwaka 2019 likajulikana la tatu, katika chipu za kampuni ya MediaTek ya Taiwan. Hilo ndilo linalotuhusu zaidi, kwa sababu chipu za MediaTek ndizo zilizojaa katika simu zetu za bei nafuu, na tundu hilo lilikutwa katika makumi ya aina za chipu hizo.

Sasa sikilizeni vizuri. Tundu halichagui mtu wa kumpitisha. Mwezi Septemba 2017 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza habari za programu ya wizi iitwayo ZNIU, iliyopita katika tundu lile lile la Dirty COW, ikajiruti yenyewe na kutuma SMS za kulipia bila mwenye simu kujua. Tundu la MediaTek nalo lilikwisha tumiwa na programu za kijasusi kabla Google haijatoa dawa yake mwezi Machi 2020. MediaTek wenyewe walikuwa na dawa tangu mwaka 2019. Lakini dawa hiyo hapana budi ipelekwe na mtengenezaji wa simu, na mtengenezaji akishauza simu ya bei ya chini mara nyingi humsahau mteja wake. Simu ya tajiri ilipata dawa, ya mkata majani ya chai haikupata.

Kwa hiyo fundi akikuambia simu yako "inarutika kirahisi" kwa kubonyeza mara moja, amekupa habari nyingine bila kukusudia: simu hiyo ina tundu lililo wazi, na yeyote aweza kulipitia.

Njia ya pili ni kupita mlangoni. Simu inapowaka, kuna programu ndogo inayoamka kwanza na kukagua kama mfumo ni ule ule wa kiwandani. Mafundi huiita butiloda. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu ifunguliwe, wengine hawaruhusu kabisa. Ukiifungua, simu hufuta kila kitu kilichomo: picha, majina, ujumbe. Hili limewekwa makusudi, ili mwizi wa simu asifungue mlango akasoma mambo yako. Baada ya hapo fundi hutafuta faili la kuwashia la simu hiyo hiyo, toleo lile lile, akalirekebisha kwa programu kama Magisk, ambayo John Wu aliitoa mwaka 2016, kisha akalirudisha simuni kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Tangu hapo programu ikitaka namba 0 simu inakuuliza wewe: nimruhusu au nimkatalie? Hii ndiyo njia ya fundi anayejua kazi. Lakini akikosea faili, hata kama ni la simu ya jina lile lile yenye toleo tofauti kidogo, simu yaweza kufa isiwake tena, na fedha yako hurudishiwi.

Sasa nieleze yaliyonipata. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikampa fundi mmoja wa getini. Hakuuliza kitu. Aliweka programu kutoka kwenye kadi yake, akabonyeza, akaniambia tayari. Kweli ilikuwa nyepesi kwa wiki mbili. Programu ya pesa za simu ilikataa kufunguka, ikisema kifaa si salama, lakini sikujali, maana kwa kupiga namba za nyota na reli pesa zilipatikana kama kawaida. Njia hiyo inapita kwenye mtandao wa simu, haikagui kama simu imerutiwa. Kisha salio likaanza kuisha usiku. Naweka vocha jioni, asubuhi sina kitu, na ujumbe umeingia kunishukuru kwa kujiunga na huduma nisizozijua.

Salio halikuwa kitu cha kuniumiza kichwa. Kilichoninyima usingizi ni kwamba ndani ya simu ile mlikuwa na majina ya wenzetu waliotia saini kujiunga na Chama, pamoja na namba zao za kazi na za simu, wakati ambapo mwajiri hajatutambua. Programu yenye namba 0 husoma kila kitu: ujumbe, majina, picha za karatasi, hata namba ya siri unapoibonyeza. Mpaka leo sijui kama kuna aliyesoma. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzangu jambo hilo, na haikuwa kazi tamu.

Kijana mmoja wa ofisi ya Chama, aliyesoma kompyuta, ndiye aliyenisaidia. Mimi nilidhani kufomati kunatosha. Akanieleza kwamba kufomati kunafagia chumba cha mpangaji tu, ambacho ni data zako. Kilichofichwa katika mfumo, mahali pa namba 0, kinabaki pale pale. Ilibidi ajaze mfumo mzima upya kutoka faili la kiwandani, kwa kompyuta na waya.

Na si lazima fundi wa getini ndiye aharibu. Mwezi Juni 2019 Google ilieleza kwamba programu ya wizi iitwayo Triada ilikuwa imepandikizwa katika mifumo ya baadhi ya simu kabla hazijafika dukani, kwa kupitia makampuni yaliyopewa kazi ya kuongeza vitu katika mfumo. Mwezi Agosti 2020 kampuni ya Upstream, kwa mradi wake wa Secure-D, ikatangaza kuikuta Triada katika simu za Tecno W2 huko Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, ikiandikisha watu katika huduma za kulipia na kula salio lao. Kampuni yenyewe ilijibu kuwa ilikwisha toa dawa ya Triada mwezi Machi 2018. Hapo ndipo mtu aweza kuuliza: kama mwizi yuko tayari katika mzizi, si heri nami niwe na ufunguo? Swali hili lina haki. Lakini ufunguo peke yake haumtoi mwizi. Kinachomtoa ni mfumo safi uliojazwa upya.

Tufanyeje basi? Kwanza tazama simu yako. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utaona toleo la Android na tarehe ya kiraka cha usalama cha mwisho. Ikiwa simu yako ni ya MediaTek na tarehe hiyo ni ya kabla ya Machi 2020, uichukulie kuwa ni nyumba isiyo na kitasa. Usiwekee humo programu kutoka kadi ya mtu wala zile zinazotumwa katika makundi.

Pili, ikiwa shida yako ni nafasi tu, huna haja ya kuruti. Katika Mipangilio, ukigonga mara saba Nambari ya muundo, hufunguka sehemu ya watunga programu, na humo utaruhusu utatuzi wa USB. Kisha kwa kompyuta na programu ya adb, fundi ataandika: adb shell pm uninstall --user 0 na jina la programu. Hiyo 0 isikuchanganye, siyo namba ya mzizi, ni mtumiaji wa kwanza wa simu. Programu itaondoka kwako pamoja na data zake, ingawa mzizi wake unabaki katika mfumo bila kufanya kazi. Ukijuta, fomati na itarudi. Mimi niliondolewa programu 11 kwa njia hii, na simu ikapumua. Ila usiondoe kitu usichokijua kazi yake. Jirani yangu aliondolewa kibodi, akakaa siku nzima hawezi kuandika.

Sisemi kuruti ni haramu. Simu ya pili isiyo na laini, ya kusikilizia redio au ya kijana kujifunzia ufundi, iruti kwa njia ya mlangoni na uone mambo yalivyo ndani. Vijana wetu wengine wameanza hivyo na leo wana meza zao. Simu inayopokea mshahara usiiguse. Na fundi akiitaka, muulize anapita mlangoni au tunduni, na programu anayoiweka ameitoa wapi. Asiyeweza kujibu, chukua simu yako uondoke.

Yule kijana wa ofisi yuko tayari kukagua simu za wanachama Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi. Njooni na waya wa USB, kwa sababu ofisi ina mmoja tu na umeanza kulegea. Majina ya wanachama sasa yako katika daftari la karatasi. Liko wapi, hilo sitaliandika hapa.