Sili ya bei rahisi, kazi ya bei ghali

Ingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, uulizie oili sili ya krankishafti. Muuzaji atataka kwanza kujua injini, gari litafuata. Ana sababu ya kibiashara. Injini ya 1NZ imefungwa kwenye IST, Probox, Raum na Corolla kadhaa, kwa hiyo sili moja ina wateja wa magari mengi na haikai rafuni muda mrefu. Sili ya gari ambalo halina wenzake barabarani huagizwa, na mwenye gari husubiri.

Kipuri chenyewe ni kidogo. Ni pete ya chuma iliyovishwa mpira, ina mdomo mwembamba unaogusa shafti, na springi laini inayoubana mdomo huo usiachie. Vipimo huandikwa usoni kwa milimita: 35x50x8 ni shafti ya 35, tundu la 50, unene wa 8. Injini huwa na sili ya mbele nyuma ya puli na sili ya nyuma upande wa gia boksi. Zenye taimingi belti huongeza za kemshafti. Kwa gari dogo la kawaida, Dar es Salaam, sili hununuliwa kwa maelfu ya shilingi. Kuifikia ile ya nyuma, gia boksi lazima ishuke, na hapo hesabu ni ya makumi ya maelfu.

Wenye magari tunapotezea fedha hapo. Tunabishana kaunta juu ya elfu mbili za kipuri, kisha tunalipa ufundi mara mbili kwa kazi ileile, kwa kuwa hakuna aliyelipwa kutafuta kwa nini sili ilivuja.

Biashara ya sili inastawi kwa sababu ya magari tunayonunua. Mengi ni mitumba kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania haina ukomo ila gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi. Kilomita chache kwenye dashibodi haziupi mpira ujana. Miaka na joto la oili huukausha, mdomo ukawa mgumu, ukashindwa kuifuata shafti inapozunguka. Aina ya mpira nayo ina uzito wake. Wa naitraili, ulio nafuu, huchoka mapema ukiishi kwenye joto linalozidi nyuzi 100; wa florokaboni, ambao mafundi wanaujua kwa jina la Viton, huvumilia hadi karibu nyuzi 200. Zote mbili zaweza kuwa nyeusi, na mteja hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Wazalishaji wakubwa wanajulikana: NOK ya Japani, na Freudenberg ya Ujerumani, ambayo sili zake za soko la matengenezo huuzwa kwa jina la Corteco. Kampuni hizo mbili zimekuwa washirika tangu 1960. Boksi zenye majina makubwa ndizo zinazoigwa. Tume ya Ushindani Tanzania na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia Kenya zina nguvu ya kisheria ya kukamata bandia, lakini haziwezi kusimama kila kaunta. Kinga ya kwanza ni muuzaji anayekubali kuandika chapa na namba ya kipuri kwenye risiti. Akikataa, nenda duka la pili.

Turudi gereji, maana ndiko hela nyingi inakokwenda. Oili ikionekana chini, pale injini inapokutana na gia boksi, watu husema mara moja kwamba sili ya nyuma imekufa. Mara nyingi siyo. Gasketi ya tapeti kava ikivuja, oili huteremka mgongoni mwa injini na kudondokea palepale. Fundi makini husafisha injini, huzipaka poda sehemu anazozishuku, huliendesha gari kidogo, kisha hufuata unyevu hadi unapoanzia. Kazi hiyo haihitaji mashine, inahitaji muda, na muda huo hakuna anayetaka kuulipia.

Ikithibitika ni sili ya nyuma, gia boksi inashushwa, klachi inatolewa, flaiwili inafuata. Sili ya zamani ikishang'olewa, fundi mzuri hapigi mpya papo hapo. Hufuta shafti kwa kitambaa safi, kisha hupitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama, shafti imelika, na mpira mpya utakalia mfereji uleule uvuje tena. Dawa yake ni kuisogeza sili mpya milimita moja au mbili ikae juu ya chuma kisicholika, kama nafasi ipo, au kuvisha shafti bushi nyembamba sana ya chuma. Kampuni ya SKF hutengeneza yenye unene wa takriban robo ya milimita. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kushusha gia boksi mara ya pili. Kuna pia mdomo wenyewe: wa mpira hupakwa oili kabla ya kufungwa, ilhali ule wa aina ya Teflon hufungwa mkavu. Anayepaka yote oili kwa mazoea anaiharibu kazi yake mwenyewe.

Halafu kuna bridha. Injini lazima ipumue. Valvu yake ikiziba kwa masizi, presha hujaa ndani na kuisukuma oili itokee penye udhaifu. Sili mpya kwenye injini isiyopumua haidumu. Dawa za chupa zinazomiminwa kwenye oili huvimbisha mpira uliokauka na zinaweza kupunguza uvujaji kwa muda. Mfereji kwenye shafti haziuzibi, bridha haziizibui.

Naona gereji zianze kutoza upimaji kama kazi kamili, iandikwe kwenye risiti kwa bei yake, pamoja na muda wa dhamana. Fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Mwenye cheti na dhamana ana haki ya kudai bei ya juu, na mteja ana sababu ya kuilipa.

Kwa mwenye gari, usiondoke gereji bila kuiona sili ya zamani. Ibinye mdomo wake. Ukiwa mgumu wenye nyufa, umezeeka. Ukiwa umevimba na kulegea, uliza kuhusu aina ya mpira na dawa zilizowahi kumiminwa kwenye injini. Ukiwa bado laini na mzima, mwambie fundi afungue bridha kabla hujamlipa.